Ukuta Wenye Nguo Ndani: Cheti cha Nishati na Gharama za Kuuza Nyumba Uingereza

Mkaguzi aliingia na vitu vitatu: tableti, kifaa cha kupimia vyumba kwa mwale wa mwanga, na tochi. Nyumba yenyewe iko Leicester, katika mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizobebana ukuta kwa ukuta, zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwenye nyumba ni mama wa Mombasa ambaye sote tunamwita shangazi. Mumewe ameshafariki, watoto wamehamia mji mwingine, naye ameamua kuuza awafuate. Aliniita nikae naye siku hiyo kwa sababu Kiingereza cha dukani na hospitalini anakimudu, ila cha hati na mikataba kinampa wasiwasi.

Mkaguzi alianzia nje, akatazama jinsi matofali yalivyopangwa. Yakionyesha ubavu mrefu tu, mstari baada ya mstari, mara nyingi ukuta huo una tabaka mbili na uwazi katikati, na uwazi huo unaweza kujazwa kitu cha kuzuia joto lisitoroke. Yakionekana marefu kwa mafupi, yaani mengine yamelazwa kichwa nje, ukuta ni mzima na joto hupita humo kwa urahisi. Ukuta wa shangazi ni wa aina hii ya pili. Ndani alipima kila chumba, akasoma kibandiko cha boila ya gesi, akahesabu balbu, akapanda hadi darini na kuchomeka rula kwenye sufu iliyotandazwa juu ya dari. Milimita 100. Kiwango kinachopendekezwa siku hizi ni milimita 270.

Tulipofika chumba cha nyuma shangazi alinigusa mkono. "Mwambie, mwanangu, ukuta huu una nguo ndani. Marehemu aliuvalisha kwa mikono yake, yeye na fundi rafiki yake."

Nikamwambia. Mkaguzi aligonga ukuta, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kama kuna risiti, picha, au karatasi yoyote ya kazi hiyo. Hakukuwa na kitu. Fundi alilipwa mkononi, na aliyejua habari zote yuko kaburini. Basi mkaguzi akaandika kwamba ukuta hauna kizuizi cha joto, kwa sababu kanuni zake zinamtaka hivyo: asichokiona kwa macho wala kuthibitishiwa kwa hati, akihesabu kama kilivyokuwa nyumba ilipojengwa.

Siku mbili baadaye cheti kilitoka. Daraja E, pointi 52. Daraja D huanzia pointi 55.

Ninaowasikia wakilalamikia cheti hiki hulalamikia bei yake. Wanasema ni mzigo mwingine juu ya mizigo ya kuuza nyumba. Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, na nimefikia mahali pengine. Bei ya cheti ni ndogo. Kinachomgharimu muuzaji, na mnunuzi vilevile, ni pale karatasi inaposhindwa kubeba ukweli wa nyumba. Karatasi isiyoaminika ni ghali hata ikitolewa bure, na Uingereza imelipa pesa nyingi kujifunza hilo.

Tuanze na cheti chenyewe. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza ilikuwa bado mwanachama wake, ulipitisha agizo kwamba jengo linapojengwa, kuuzwa au kupangishwa, lazima kuwe na cheti kinachoeleza ufanisi wake wa nishati. Denmark ilikuwa imeshatangulia. Wauzaji wa nyumba huko walianza kutakiwa kuwa na cheti cha namna hiyo mwaka 1997. England na Wales walianza mwaka 2007. Cheti kina madaraja saba, kutoka A yenye pointi 92 na zaidi hadi G isiyozidi pointi 20. Kinadumu miaka 10. Nyumba haitangazwi kuuzwa kabla cheti hakijaagizwa, na herufi yake huandikwa kwenye tangazo. Vyeti hivi vimo katika daftari la serikali lililo wazi kwa umma: yeyote mwenye anwani ya nyumba anaweza kukisoma cheti chake bila kulipa hata senti.

Pointi hizo zinapima nini? Wengi hudhani zinapima nishati ambayo familia imetumia. Hapana. Mkaguzi haombi bili wala hasomi mita. Anakusanya ukubwa wa nyumba, umri wake, aina ya ukuta, madirisha ni ya kioo kimoja au viwili, boila ni ya aina gani, halafu programu inakokotoa ingegharimu kiasi gani kuipasha joto na kuiwasha taa nyumba hiyo kama ingekaliwa na watu wa desturi ya wastani. Msingi wa wazo hili ni mzuri. Shangazi hupenda joto, huvaa kanga na kuwasha redieta tangu Septemba. Jirani yake huvaa masweta mawili na kuzima. Bili zao zinaeleza tabia zao, na mnunuzi hanunui tabia za aliyetangulia. Anahitaji kujua habari za ukuta, dari na boila.

Sasa tuziweke gharama za kuuza mezani. Chukua nyumba ya pauni 250,000. Dalali akitoza asilimia 1.5, hizo ni pauni 3,750. Ongeza kodi ya VAT ya asilimia 20, zinafika 4,500. Wakili wa kuhamisha hati huchukua elfu moja na kitu. Mwenye mkopo wa nyumba ambaye kipindi cha riba aliyofungiwa hakijaisha anaweza kutozwa kwa kulipa mapema. Kuna lori la kuhamisha vitu, na kuna siku za kazi zinazopotea. Ushuru wa stempu humwangukia mnunuzi, na muuzaji anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe kwa kawaida hatozwi kodi ya faida. Katika orodha hiyo cheti cha nishati mara nyingi huwa kati ya pauni 60 na 120. Shangazi alilipa 75. Ukilinganisha na pauni 4,500 za dalali, hazifiki pauni 2 katika kila 100.

Lakini hesabu haikuishia hapo. Mnunuzi aliyependa nyumba ile alitaka kuipangisha. Tangu Aprili 2018 mwenye nyumba katika England na Wales haruhusiwi kuanza upangishaji mpya wa nyumba iliyo chini ya E, na tangu Aprili 2020 kanuni hiyo inawagusa hata wapangaji waliokuwemo tangu zamani, isipokuwa nyumba iliyosajiliwa kupata msamaha. Nyumba ya E kwa hiyo iko ukingoni: inapita leo, lakini kanuni ikikazwa kesho, mwenyewe ataingia gharama. Mnunuzi aliitumia herufi hiyo kuomba apunguziwe pauni 3,000. Walikutana katikati, 1,500. Ukuta wa marehemu mume wa shangazi, ambao huenda ungeongeza pointi zile tatu, haukuwa na karatasi ya kuusemea. Risiti iliyokosekana ilimgharimu mara 20 ya bei ya cheti.

Wapo watakaosema kwamba bila cheti pauni zile 1,500 zisingeondoka. Huenda. Ila mnunuzi naye angekuwa ananunua gizani, na baridi ya Januari ingemweleza habari ambayo muuzaji alinyamaza nayo. Siamini kwamba ukimya ni haki ya muuzaji. Anayejua nyumba ndiye anayepaswa kuisemea, na ni sawa alipie kusema. Anachostahili kudai ni kwamba alicholipia kisikilizwe kwa ukamilifu na kiandikwe sawasawa.

Uingereza iliwahi kujaribu jambo kubwa kuliko cheti, na kisa chake kinafundisha. Katika England na Wales, kukubaliana bei ya nyumba hakumfungi mtu. Mpaka wanasheria wabadilishane mikataba, upande wowote unaweza kujitoa. Mnunuzi anaweza kulipa mpima majengo na wakili, kisha akagundua ufa au unyevu ukutani na kuondoka, na pesa za wote zikawa zimepotea. Sheria ya Makazi ya mwaka 2004 ikaleta Pakiti ya Taarifa za Nyumba. Muuzaji angeikusanya kabla ya kutangaza: hati za umiliki, majibu ya halmashauri na ya kampuni ya maji, cheti cha nishati, na kiini chake, Ripoti ya Hali ya Nyumba iliyoandikwa na mkaguzi aliyefunzwa. Mnunuzi angejua anachonunua kabla ya kutoa pesa yoyote.

Julai 2006, karibu mwaka mmoja kabla ya kuanza, serikali iliondoa ulazima wa ile ripoti ya hali ya nyumba. Wakaguzi waliofunzwa walikuwa wachache, na kulikuwa na shaka kama benki zingeikubali. Watu waliokuwa wamejilipia mafunzo ya ukaguzi waliachwa wakijiuliza watafanya kazi gani. Pakiti ikabaki na makaratasi ambayo wakili angeyatafuta kwa vyovyote, pamoja na cheti cha nishati. Mei 2007, siku chache kabla ya tarehe ya kuanza na kesi ya RICS, chama cha wataalamu wa upimaji wa ardhi na majengo, ikiwa mahakamani, waziri Ruth Kelly alitangaza kuahirisha. Agosti 2007 ilianza kwa nyumba za vyumba vinne vya kulala na zaidi, Septemba ikafuata kwa za vyumba vitatu, Desemba kwa zote. Muuzaji alilipa pauni 300 hadi 400 hivi. Mwaka 2008 soko la nyumba likaanguka kwa msukosuko wa fedha wa dunia, na pakiti ikawa na maadui kila upande. Mei 2010, serikali mpya ikiwa haijatimiza wiki mbili, waziri Eric Pickles aliisimamisha. Sheria ya mwaka 2011 ikaifuta kabisa. Cheti cha nishati peke yake kilibaki.

Wengi hukisoma kisa hiki kama ushahidi kwamba wauzaji hawavumilii gharama. Mimi nakisoma vingine, na sababu yangu iko Uskoti.

Huko desturi ya kuuza ilikuwa na dhuluma yake. Nyumba hutangazwa kwa bei ya kuanzia, na wanunuzi hupeleka bei zao kwa siri. Kwa hiyo watu kadhaa waliweza kulipia ukaguzi wa nyumba ileile, mmoja akashinda, na waliobaki wakarudi nyumbani na ripoti ya nyumba ya mtu mwingine. Aliyeshindwa mara tatu alikuwa amelipia ripoti tatu. Tarehe 1 Desemba 2008, katikati ya msukosuko uleule wa fedha, Uskoti ilianza kudai Ripoti ya Nyumba. Muuzaji anailipia. Ina ukaguzi wa mtaalamu wa majengo aliyesajiliwa, pamoja na makadirio ya thamani. Ina ripoti ya nishati. Na ina maswali ambayo muuzaji mwenyewe anayajibu kuhusu nyumba yake. Kila sehemu ya jengo hupewa namba: 1 hakuna la haraka, 2 matengenezo yatahitajika, 3 matengenezo ya dharura. Ripoti haitakiwi kuwa na umri wa zaidi ya wiki 12 siku nyumba inapoingia sokoni.

Ripoti hiyo ni ghali kuliko cheti, na mara nyingi haiwi nafuu kuliko ile pakiti iliyochukiwa kusini ya mpaka. Bado ipo hadi leo. Sababu ninayoiona ni kwamba ilibaki na kiini chake. Imeandikwa na mtu mwenye dhamana ya taaluma, benki huweza kuitegemea inapokopesha, na inamwondolea mnunuzi gharama ya kweli. England iliondoa sehemu iliyokuwa na faida ikabakiza sehemu iliyokuwa na bei. Baada ya hapo, pauni 300 zilikuwa nyingi mno, na hata 100 zingekuwa nyingi.

Cheti cha nishati cha England kimesimama katikati ya mifano hiyo miwili. Ni cha bei nafuu na ni cha lazima, ila uaminifu wake una nyufa, na nataka kuzitaja tatu.

Ufa wa kwanza ni ule wa chumba cha nyuma cha shangazi. Kwa kuwa bei ni ndogo, ziara ni fupi. Mkaguzi hatoboi ukuta wala hang'oi ubao wa sakafu. Palipofunikwa hujazwa makisio kulingana na umri wa nyumba, na makisio hayo humpunja aliyefanya kazi bila kuweka hati. Sipendekezi mkaguzi aamini kila neno la muuzaji. Kila muuzaji angekuwa na ukuta wenye nguo ndani. Tatizo ni wakati. Cheti hudaiwa siku ya kuuza, wakati kazi ilifanyika miaka 15 iliyopita, fundi hajulikani alipo na karatasi zimepotea. Ukweli wa ukuta ulikuwa rahisi kuandikwa siku ulipokuwa wazi.

Ufa wa pili ni umri wa cheti. Miaka 10 ni mingi kwa karatasi inayozungumzia pesa. Pamoja na herufi, cheti humpa msomaji makadirio ya gharama za mwaka kwa bei za wakati kilipotolewa. Oktoba 2021 kikomo cha bei kilichowekwa na Ofgem, msimamizi wa gesi na umeme, kilikuwa sawa na pauni 1,277 kwa mwaka kwa nyumba ya matumizi ya kawaida. Mwaka mmoja baadaye, baada ya vita vya Ukraine kuipandisha gesi, serikali ililazimika kutoa ruzuku ili kiasi hicho kisizidi pauni 2,500. Cheti cha mwaka 2019 bado kilikuwa halali kisheria, na bado kilimwonyesha mnunuzi gharama za dunia iliyokwisha. Mzee wa pensheni akipanga maisha yake kwa namba ile, atakuja kuchagua kati ya redieta na chakula.

Ufa wa tatu uko ndani ya kipimo. Kwa sababu pointi zimejengwa juu ya gharama, na umeme kwa kila kipimo umekuwa ghali mara tatu hadi nne ya gesi, nyumba inaweza kung'oa boila ya gesi, kufunga pampu ya joto inayotumia umeme kwa ufanisi mkubwa, na isipande daraja, nyingine hushuka. Familia iliyotumia maelfu ya pauni kupunguza moshi wake inaambiwa nyumba yake imezorota. Herufi moja imebebeshwa maswali mawili, la mfuko na la hewa, na majibu yake hayalingani kila mara.

Pamoja na nyufa hizo, soko limeanza kuisikiliza herufi. Watafiti waliochunguza mauzo ya nyumba zaidi ya 300,000 katika England, kati ya mwaka 1995 na 2012, walikuta kwamba nyumba za A na B ziliuzwa kwa takriban asilimia 5 zaidi ya zile za D. Kwenye nyumba yetu ya pauni 250,000, hizo ni pauni 12,500. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Herufi inayoweza kusogeza pesa nyingi kiasi hicho haifai kutegemea ziara fupi na kumbukumbu za mjane.

Kinachohitajika hakimwongezei muuzaji mzigo mkubwa. Fundi akimaliza kazi ya ukuta, dari au madirisha, taarifa iingizwe siku hiyohiyo katika daftari la serikali chini ya anwani ya nyumba, pamoja na picha kabla ukuta haujafunikwa. Daftari lipo tayari, na lina mamilioni ya anwani. Makadirio ya gharama yasomwe kwa bei za leo kila mtu anapokifungua cheti. Ni kazi ya kompyuta. Na siku ya kuuza, mkaguzi alipwe zaidi kidogo na apewe muda zaidi. Ningemshauri shangazi alipe pauni 150 kwa cheti kinachosema kweli, badala ya 75 kwa kinachokisia. Angebaki na faida.

Mpaka hayo yafanyike, ninawasihi ndugu zetu wenye nyumba Leicester, Coventry, Reading na kwingineko: kila kazi inayogusa ukuta, dari, dirisha au boila, wekeni karatasi yake. Upigeni picha ukuta ungali wazi, rula ikiwa ndani ya picha. Fundi awe rafiki, lakini aandike. Kabla ya kutangaza nyumba, fungueni daftari la serikali msome cheti cha zamani kama kipo, kwa sababu mnunuzi atakuwa ameshakisoma. Wengi wetu tumelelewa kufanya mambo kwa kuaminiana, na ni malezi mema. Nyumba ikishaingia sokoni, anayeamua ni mtu asiyekujua.

Shangazi amehamia karibu na bintiye, katika nyumba ndogo ya chini. Nilikwenda nao kuiona kabla hajainunua. Cheti kilisema C, pointi 70. Alikisoma kwa miwani, polepole, akafika kwenye mstari wa kuta. Kisha akaugusa ukuta wa sebule kwa kiganja, kama alivyozoea utotoni katika nyumba ya babu yake Mji wa Kale, ambako kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huzuia jua lisiingie. Alinigeukia.

"Muulize, mwanangu, kazi hii ilifanywa lini, na karatasi yake iko wapi. Halafu muombe bili za Januari na Februari."

Mwenye nyumba aliingia ndani akarudi na bahasha. Mlikuwa na bili za majira mawili ya baridi, risiti ya mafundi waliojaza uwazi wa ukuta, na dhamana yao. Shangazi aliomba apewe risiti ile na dhamana siku ya kukabidhiana funguo, na akataka wakili aliandike jambo hilo. Sasa zimo katika mkoba uleule anaowekea pasipoti yake na cheti cha ndoa.